Sitaki Sauti, Nataka Kichwa

Kila jioni saa kumi na mbili kasorobo, kwa miaka kumi na minne, mkono wa Mwalimu uligusa kichwa changu. Haukuwa mkono wa baraka, ingawa wageni wa ploti yetu ya vyumba kumi vya kupanga walidhani hivyo. Ulikuwa mkono wa kuhesabu. Alianzia chumba cha kwanza karibu na geti, akaja mlango kwa mlango mpaka chumba cha kumi kilichopakana na bafu, akibisha, akingoja, akigusa. Ukimjibu kutoka bafuni, "Niko, Mwalimu, naoga," hakuondoka. Alisimama pale na sandali zake za plastiki mpaka utoke na povu masikioni, akuguse, ndipo aende zake.

"Sitaki sauti," alisema. "Nataka kichwa."

Mtaa wetu wa Free Area, Nakuru, una vituko vyake, na yeye alikuwa kituko chetu. Kijana wa bodaboda aliyehamia chumba cha sita alimuuliza mama yangu, "Mathe, huyu ni karao ama? Mbona ananishika kichwa kama ameniarrest?" Mama akamwambia azoee tu, Mwalimu hawezi hata kuinjika chai kabla hajatuhesabu. Mwezi haukuisha, kijana yuleyule alikuwa akimpigia mama simu kutoka Kaptembwo: "Mwambie Mwalimu nimekwama na kastoma, asiniwekee zero." Mwalimu alipopata ujumbe huo alichukua stuli yake akaketi getini, akaketi mpaka pikipiki ikanguruma na kijana akainamisha kichwa mwenyewe bila kuambiwa.

Sitasimulia alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, kwa sababu sijui na sikuwahi kuuliza. Kwangu mimi alianza akiwa tayari mwanamke mtu mzima, na chaki mkononi. Alikuwa mrefu, mkavu, na alivaa sweta mbili hata Februari wakati Nakuru nzima inatafuta kivuli. Chai yake aliinywa bila sukari, lakini ukimtembelea alikutilia vijiko vitatu bila kukuuliza, kisha akakutazama unywe yote. Vichekesho vya redio vilimchekesha mpaka akapiga chafya. Katika drafti alikuwa mwizi kabisa. Ukigeuka kumtazama paka, kete yako moja imeshahama, na yeye ametulia kama mtu anayesikiliza mahubiri.

Na hakuwa mwoga, watu wasije wakafikiri hivyo. Siku moja baba wa chumba cha tatu alirudi amelewa mchana, akashika panga, akasema leo mtu atamjua. Wanaume wa ploti walijifungia. Mwalimu alitoka na mwiko wa ugali, akaenda akasimama mbele yake, akanyoosha mkono. "Lete," alisema, kwa sauti ileile anayodaia daftari la mtoto asiyefanya hesabu. Mlevi akalitoa panga. Mwalimu akakigusa kile kichwa chenye jasho, akasema, "Nenda ulale," naye akaenda. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetetemeka mikono kila watu walipotaka kupanda gari.

Hilo tulilijua vizuri. Kanisa lilipokodi basi kwenda harusini Njoro, Mwalimu alisimama mlangoni akamgusa kila aliyepanda. Kisha akaingia ndani akaanza upya. Kisha akashuka, akazunguka basi, akachungulia chini ya magurudumu, akapanda akahesabu mara ya tatu. Alimgusa dereva. Alimgusa pasta, ambaye alikuwa ametulia mbele na suti yake. Shangazi wa bibi harusi akapinduliwa wigi, kelele zikaanza.

"Mwalimu, tutapata keki imeisha!"

"Iishe," alisema.

Watu walicheka mpaka Njoro. Mimi sikucheka, nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma nikiangalia vidole vyangu. Kwa sababu katika basi lote lile, ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini mwanamke huyu haamini sauti. Au hivyo ndivyo nilivyofikiri wakati huo.

Wanawake wa ploti walimletea watoto waliokuwa na hofu: aliyekojoa kitandani, aliyekataa shule, aliyelia akiona mbwa. Alikuwa na njia yake. "Usimwambie asiogope," alimwambia mama mtu. "Muulize aliogopa lini mara ya kwanza. Kisha nyamaza, umwachie nafasi." Halafu alikaa na mtoto kwenye ngazi, wakichambua maharagwe, hata saa nzima bila neno, mpaka mtoto aseme kitu. Mara nyingi kilikuwa kitu kidogo tu, mlango uliojifunga kwa upepo, mjomba aliyepiga kelele. Mtoto aliondoka mwepesi. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na nilimwonea wivu kila mtoto aliyekaa pale.

Siku moja mama alimgeuzia swali. "Na wewe Mwalimu, uliogopa lini?" Mwalimu aliinuka. "Mimi ni mzee tu, Mama Lilian," alisema, akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Lilian ni mimi. Na ugonjwa wangu ni huu: nikiitwa jina langu kwa sauti mbele ya watu, siwezi kuitika. Kliniki nesi huita "Lilian! Lilian!" mpaka akasirike, nami nimekaa mbele yake, kifua kimebana, masikioni injini ya lori inanguruma. Kazini, kwenye agrovet ninakouza mbegu na dawa za kuku, bosi alizoea kunijia mpaka kaunta. Mshauri mmoja kijana, mpole sana, aliniuliza, "Ilianza lini?" Nikamwambia ni tangu nijifungue mtoto wangu. Nilimdanganya. Nilijua siku, nilijua saa, nilijua hata rangi ya turubali la lori.

Nilikuwa darasa la nne, shule moja ya mlimani kule upande wa Keringet, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka saa nne na viazi vinaota hata njiani. Mwalimu ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa letu. Wakati ule alikuwa mchapa watoto mashuhuri. Ukikosa kuja, kesho yake ni viboko vinne, na wengi wetu tulikosa kwa sababu nyumbani kulikuwa na kuchimba viazi. Basi sisi watoto tulikuwa na desturi yetu. Rafiki yako akikosa, wewe unamwitikia. Mwalimu anasoma rejista macho chini, wewe unabadilisha sauti kidogo, "Niko, Mwalimu," alama inawekwa, mgongo wa mtu umepona. Mimi nilimwitikia Peninah, niliyekaa naye dawati moja, na yeye aliniitikia mimi. Tulikuwa hodari. Hatukuona kama ni uongo, tuliona ni urafiki.

Ndipo ikaja wiki ile ya machafuko, moshi ukaonekana ng'ambo ya kilima, na wazazi wetu wakatuacha shuleni wakidhani shuleni ni salama. Mchana wa siku ya pili lori likaja kutuchukua kutupeleka mjini. Lilikuwa lori la kubebea viazi, lenye turubali la bluu, na dereva hakuzima injini. Tukapandishwa. Peninah alikuwa nyuma yangu. Akaniambia sikioni, "Nimesahau sweta darasani, mama ataniua." Akaruka chini akakimbia. Darasa lilikuwa pale pale, hatua ishirini hivi.

Mwalimu akasimama chini, akafungua rejista, akaanza kusoma. Dereva akipiga honi. Akafika kwa Peninah.

"Niko, Mwalimu," nikasema.

Sikufikiri. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke, ingawa halinisaidii. Mdomo wangu ulifanya kazi uliyoizoea, na nilijua anarudi sasa hivi, na sikutaka achapwe. Mwalimu akaweka alama. Akasoma jina langu, nikaitika tena kwa sauti yangu. Turubali likateremshwa. Lori likaondoka, na mimi nikangoja kusikia Peninah akipiga ubavu wa lori kwa kiganja, na sikusikia. Ningeweza kupiga kelele. Sikupiga.

Kambini mjini, siku ya tatu, mama yake Peninah alitupata. Alikuwa na kiatu kimoja. Alimshika Mwalimu mikono miwili. "Mwalimu, si ulisoma rejista?"

"Nilisoma," Mwalimu alisema. "Aliitika."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya leso aliyojifunga mama yangu, aliyefika kambini jana yake. Waliorudi juu kutafuta walikuta shule imeungua upande mmoja, na hawakukuta mtu, si mzima si maiti. Mpaka leo hakuna ajuaye. Wapo waliosema alionekana na familia fulani kuelekea Olenguruone, wapo waliosema mengine. Mama yake alitafuta miaka sita, kisha naye tukaacha kumsikia.

Baada ya kambi, mama alipata chumba Free Area. Wiki mbili baadaye, mlango wa pili kutoka kwetu, akahamia Mwalimu. Nilipomwona akishusha godoro nilijikojolea, msichana wa miaka kumi. Jioni ile ile akaanza kubisha milango. Na kwangu mkono wake ulikaa. Kwa wengine uligusa na kuondoka, kwangu ulikaa kidogo zaidi, na nilikuwa nikihesabu moyoni, moja, mbili, tatu, nikiwaza leo atauliza. Hakuuliza. Hakuwahi kuchapa mtoto tena. Mama alipomwomba siku moja anichape kwa sababu ya alama mbaya, uso wake uligeuka majivu, akaingia kwake akafunga.

Nilikua chini ya mkono ule. Niliupenda na nikauogopa, na sikuweza kuvitenganisha viwili hivyo, na bado siwezi.

Kisha ploti ikauzwa. Mwenye nyumba alipata mtu wa kujenga gorofa, tukapewa mwezi. Watu walihama mmoja mmoja, kijana wa bodaboda, baba wa panga, wote. Tulibaki mimi, mama, mwanangu na Mwalimu, na wiki ile nilimwona akifanya kitu ambacho natamani nisingekiona. Saa kumi na mbili kasorobo alitoka, akabisha chumba cha kwanza. Kilikuwa tupu, mlango umeng'olewa bawaba. Alibisha fremu. Akangoja. Akaenda cha pili. Alibisha vyumba vyote vinane vitupu, akingoja kila kimoja muda ule ule, mpaka akafika kwetu akatugusa, mama kwanza, kisha mwanangu, mimi mwisho. Asubuhi iliyofuata mwanawe akaja kumchukua. Mwana huyo alikuwa amerudi kulima shamba lao la zamani kule Keringet, mahali ambapo Mwalimu aliapa hatakanyaga tena. Mwalimu alipanda kiti cha mbele cha gari bila kugeuka. Nilikuwa na sentensi yangu tayari mdomoni, miaka yote hiyo, nikaishia kumwambia, "Safari njema."

Nilidhani ningepata nafuu. Badala yake, kila jioni saa ile utosi wangu uliwasha. Mama alienda kukaa na dada yangu, nikabaki peke yangu na mwanangu, nyumba mpya, majirani nisiowajua, na nikajikuta nimeanza. Nilimgusa mwanangu kichwa akitoka shule. Nikamgusa akila. Nikamfuata chooni. "Mum, si niko hapa?" alisema. Ana miaka saba. Mwanzo alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha Jumapili moja akiwa anafunga viatu akaniuliza, "Mum, nani anakuja kunichukua?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Sasa mbona unaogopa kila siku?" Na nikaona ameanza kutazama mlango, vilevile ninavyoutazama mimi. Hapo nikajua kwamba nikiendelea kunyamaza, kitu hiki hakitaishia kwangu. Jumamosi iliyofuata nilimwacha kwa dada yangu nikapanda kwenda Keringet.

Nilifika saa tano asubuhi, ukungu umeshaondoka. Vijana walikuwa wakijaza viazi kwenye magunia, mwanawe akanionyesha nyuma ya nyumba. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi juani, sweta zake mbili, macho yamefunikwa na utando mweupe. Niliinama bila kusema neno. Mkono ukaja, ukagusa, ukakaa.

"Lilian," alisema. "Umechelewa."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekula? Waambie wakupe chai." Kisha, mkono ukiwa bado utosini: "Unatetemeka kama kuku, wewe."

Nilikuwa nimejipanga kuanza mbali, na habari za mama, na kazi. Nilishindwa. Nilipiga magoti pale kwenye nyasi na ikatoka yote kwa pamoja. "Mwalimu, siku ile ya lori, Peninah hakuitika. Ni mimi niliitika. Ni mimi, Mwalimu."

Hakushtuka. Aliondoa mkono wake kichwani pangu, akauweka mapajani juu ya ule mwingine.

"Najua," alisema.

Vijana kule shambani walikuwa wakibishana juu ya gunia.

"Nilikufundisha miaka miwili. Unafikiri sikuzijua sauti zenu? Nilijua mnaitikiana. Nilijua kila mmoja na rafiki yake. Nikiwa na hasira nilichapa, nikiwa nimechoka niliacha." Alivuta mikono ya sweta. "Siku ile nilisikia ni wewe. Nilijua Peninah hayuko. Na dereva alikuwa anapiga honi, na moshi nauona, na nikajiambia, yuko hapo karibu, ataruka, au yuko na mama yake. Nikaweka alama. Nilitaka kuondoka, Lilian. Niliogopa, nikataka kuondoka."

Nilikuwa nimebeba jambo hili kama langu peke yangu tangu nikiwa mtoto, na mwenye kulibeba mwenzangu alikuwa mlango wa pili.

"Mama yake aliponiuliza, nikasema aliitika," Mwalimu aliendelea. "Nikamwangushia mzigo mtoto wa miaka kumi. Nilikuona nyuma ya leso. Ndiyo nikakufuata Free Area. Nilisema nitakuwa nikikuona kila siku, na siku ukiniuliza nitakwambia. Hukuniuliza. Nami nikashukuru kila siku kwamba hukuniuliza."

"Nilidhani unangoja nikiri."

"Nilikuwa najificha, mwanangu. Kama wewe tu."

Akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Alikuwa wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakujua. Miaka yote hakujua. Nilitamani kumdanganya, nimwambie alikuwa mbali, alikuwa ameshaenda zake tangu asubuhi.

"Alikuwa darasani," nikasema. "Alirudi kuchukua sweta."

"Darasani."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Darasa letu?"

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. Machozi yalitoka kwenye macho yale meupe, naye hakuyafuta. "Sweta," alisema. Baada ya muda akasema tena, "Hatua ishirini," nami nikaona kwamba hata yeye alikuwa amezipima.

Tulikaa hivyo mpaka chai ikaletwa ikapoa. Kisha akaniagiza ndani, chini ya mto wake. Ilikuwa rejista, imefungwa kwenye mfuko wa unga, jalada limeliwa na panya. Nikaifungua ukurasa ule. Alama zote ziko pale, mistari midogo ya wino wa bluu, na wa Peninah umenyooka kama ya wengine.

"Fuata na kidole," alisema. "Nitasoma mimi."

Macho hayaoni lakini majina alikuwa nayo yote. Alisoma kwa sauti ya darasani, taratibu, na baada ya kila jina aliacha nafasi, kisha akajijibu mwenyewe alipo: huyu yuko Molo, huyu ana watoto wanne, huyu alifariki kwa ajali. Alifika.

"Peninah."

Akangoja. Nami nikangoja. Kuku walipita katikati yetu. Nilisikia mdomo wangu ukitaka kuitika, naapa niliusikia, nikauma meno. Tuliliacha jina hilo likae pale bila mtu wa kuliitikia, kwa mara ya kwanza, muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

"Hayupo," Mwalimu alisema hatimaye. "Mwandikie hayupo."

Hayupo huandikwa kwa duara. Nilitoa kalamu ya kazini kwenye mkoba, nikachora duara kuuzunguka ule mstari, duara likaja vibaya.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Lilian," akaita.

Niliinamisha kichwa kama nilivyozoea, nikangoja mkono. Haukuja. Mikono yake ilikuwa mapajani, na uso wake umegeukia upande wangu, sikio mbele. Kifua kikaanza kubana. Injini ikaanza kunguruma. Mwalimu hakurudia jina, wala hakunyoosha mkono, alikaa tu akisikiliza, kama alivyokaa na watoto wa watu kwenye ngazi na sinia la maharagwe.

"Niko, Mwalimu," nikasema.

"Haya," alisema, akasoma jina lililofuata.